Je, Jeep ya babu ilifika Addis Ababa mwaka 1941?

«Asalaam aleikum fundi. Sisi ni watu wa Mombasa. Babu yetu mzaa baba alikuwa dereva wa Keya, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, na alituachia Jeep iliyolala miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate, alikofanya kazi baada ya vita. Kaka yangu ameileta gereji Changamwe itengenezwe. Tumelelewa na hadithi kwamba Jeep hii ndiyo babu aliyoiendesha hadi Addis Ababa mwaka 1941, na vita vilipokwisha akainunua kwenye mnada wa jeshi. Kaka anataka wiki ijayo ipigwe mchanga wa mashine bodi nzima, ipakwe rangi ya jangwani, ichorwe nyota nyeupe kwenye boneti na iwekwe kibao cha "Addis Ababa 1941". Mimi nina wasiwasi. Kibati cha dashibodi kimeandikwa Willys, na nambari ya injini inaanza na MB 224. Lakini fundi wa bodi anasema bolti nyingi zina herufi F na chasi si ya Willys. Kaka anasema basi babu aliuziwa gari la kuungaunga, historia yake ni bure. Shangazi anayo nyota ya shaba ya babu, hatujui ni ya nini. Naweza kujua gari hili lilikwenda wapi vitani? Na tufanye nini kabla ya kupaka rangi?»

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na lililo la haraka: mpigie kaka yako leo, kazi ya mchanga isimame. Injini iendelee kufunguliwa, breki zitengenezwe, hayo hayana madhara. Bodi na chasi visiguswe na mashine ya mchanga wala grainda. Karibu kila kitu ambacho gari lenu linaweza kusema juu ya maisha yake kimeandikwa kwenye rangi na kwenye vyuma vilivyogongwa nambari, na mchanga hufuta vyote kwa alasiri moja. Ukishafuta, hakuna ofisi Nairobi wala Uingereza itakayokurudishia.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wako. Naona umebeba maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: gari hili ni lipi, gari hili lilikuwa wapi, na babu alikuwa wapi. Hadithi ya nyumbani imeyafanya kuwa swali moja, ndiyo maana jibu la fundi wa bodi lilipotikisa la kwanza, kaka yako akaona yote matatu yameanguka. Hayajaanguka. Kila swali lina ushahidi wake, nami nitakuonyesha pa kuutafuta.

Nikueleze wazi lile gumu kwanza. Jeep hii haikwenda Addis Ababa mwaka 1941, wala hapakuwa na Jeep ya aina hii popote duniani siku mji ule ulipotekwa kutoka kwa Waitaliano. Jeshi la Jenerali Cunningham wa Uingereza lilitoka Kenya, likachukua Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Kiwanda cha Willys kilianza kutoa modeli ya MB Novemba 1941. Ford walianza kutoa ya kwao, iitwayo GPW, mwanzoni mwa 1942. Kabla ya hapo palikuwa na Jeep za majaribio za Bantam, Willys na Ford, chache tu, na hata sheria iliyoiruhusu Marekani kuwapa Waingereza zana kwa mkopo ilitiwa saini tarehe 11 Machi 1941, wakati jeshi la Cunningham limeshaingia Mogadishu. Nambari ya injini yako inaongeza la pili: Willys walifika kwenye 200,000 karibu na mwisho wa 1942, kwa hiyo injini ya 224 elfu na ushei ni ya 1943.

Lakini angalia vizuri hilo linasema nini na halisemi nini. Linasema juu ya chuma. Halisemi kwamba babu yako hakufika Addis Ababa. Safari ile ilibebwa na malori, hasa Ford na Chevrolet, mengi ya hayo yakija na Waafrika Kusini walioteremkia hapahapa bandarini Kilindini tangu katikati ya 1940. Madereva Waafrika wa kikosi cha usafirishaji cha Afrika Mashariki, EAASC, waliyaendesha kupitia Garissa na nyika kavu hadi mto Juba, wakibeba maji, petroli na risasi. Dereva wa safari ile alishika usukani wa lori. Mzee aliyeendesha lori 1941, kisha akapewa Jeep 1943 au 1944, kisha akanunua Jeep ya mnada, akiwasimulia wajukuu barazani anasema "gari langu la vita", na wajukuu wanaunganisha. Hakuna aliyesema uongo hapo.

Na kuhusu babu mwenyewe, kitu chenye nguvu kuliko Jeep kiko kwa shangazi. Nenda ukakiangalie kwa macho yako. Nyota za kampeni za vita vile zina ncha sita, na katikati, kuzunguka taji, jina la nyota limeandikwa kwa Kiingereza: litakuwa na neno Afrika, au Burma, au miaka 1939 hadi 1945. Ya Afrika ilitolewa kwa waliopigana Afrika Kaskazini, na pia kwa waliokuwa kwenye kampeni ya Uhabeshi na Somalia kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941, siku Gondar iliposalimu amri. Ya Burma ni kwa waliofika kule dhidi ya Wajapani. Kama utepe bado upo, usaidie macho: wa Afrika ni rangi ya mchanga na mstari mpana mwekundu katikati, pembeni yake mistari miembamba ya buluu iliyokoza na buluu hafifu, wa Burma ni buluu iliyokoza na nyekundu katikati, na kimstari cha rangi ya chungwa kila upande. Tepe hubadilishwa na kupotea, kwa hiyo maandishi ya chuma ndiyo ya kuamini. Geuza mgongo pia. Kama pamechongwa jina au nambari, nakili herufi kwa herufi. Msiisugue kwa brasso wala ndimu, na mwambie shangazi hivyo kwa adabu, maana wazee wetu hupenda shaba ing'are siku ya Idi.

Haya, turudi gereji. Kaka yako amesema ni gari la kuungaunga. Neno lile linamuumiza bure, kwa sababu hajui Jeep zilivyotengenezwa. Jeshi la Marekani lilitaka gari moja kutoka viwanda viwili, na sharti likawa kila kipande cha Willys kiingie kwenye Ford na cha Ford kiingie kwenye Willys. Willys walitoa zaidi ya 360,000, Ford zaidi ya 277,000. Ford walikuwa na desturi ya kugonga herufi F kwenye vipuri vyao, hadi vichwa vya bolti, na hiyo ndiyo F aliyoiona fundi wenu. Gari likivunjika karakana za jeshi hazikukaa kuuliza kabila la kipuri. Jeep tatu zilizoharibika ziliingia, mbili nzima zikatoka. Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wa EAEME, kikosi cha ufundi wa umeme na mitambo cha Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika, na naomba siku moja mtu aandike habari zao vizuri, kwa sababu magari mengi ya kale ya nchi hii yamepita mikononi mwao na majina yao hayatajwi.

Kwa hiyo chasi ya Ford yenye injini ya Willys haithibitishi udanganyifu. Mara nyingi ni dalili ya gari lililofanya kazi kweli. Inaweza pia kuwa kazi ya fundi wa shambani Mwatate mwaka 1960, na hilo ndilo la kutenganisha.

Hakikisha kwanza ni Jeep ya vita. Kuanzia 1945 Willys waliuza za raia, CJ-2A, na Afrika Mashariki zilikuja. Hesabu nafasi za wima kwenye uso wa mbele: ya vita ina tisa, ya raia ina saba, na taa zake kubwa ni pana zaidi. Ya raia pia ina mlango wa nyuma unaofunguka. Ya vita nyuma imezibwa na imebeba tairi la akiba. Kisha chutama mbele ya rejeta utazame kile chuma kinachounganisha mihimili miwili ya chasi. Kama ni bomba la mviringo, chasi ni ya Willys. Kama ni chuma kilichokunjwa, chenye umbo la sanduku lisilo na tako, ni ya Ford. Nadhani hivyo ndivyo fundi wenu alivyojua, na kama ndivyo, ana jicho zuri, mshikilieni.

Ikiwa chasi ni ya Ford, nambari yake imegongwa juu ya mhimili wa kushoto, upande wa mbele, kati ya kikalio cha injini na kishikio cha shokomzoba. Haionekani kwa kutazama tu. Pale hukaa matope, grisi ya miaka themanini na tabaka za rangi, na pengine kutu juu yake. Kaka asichukue brashi ya waya ya kwenye drili. Weka hapo kitambaa chenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi futa, weka dawa ya kutoa rangi, subiri ilainike, ondoa kwa kipande cha mbao au plastiki, kisha brashi ya nailoni. Rudia. Herufi zikianza kujitokeza, paka chaki nyeupe halafu futa juu juu. Chaki itabaki kwenye mashimo. Au weka karatasi nyembamba na upitishe penseli ya kulala. Unatafuta herufi GPW na tarakimu baada yake. Piga picha kwa tochi ya pembeni, si ya mbele. Nambari ile ikipatikana, ndiyo umri wa gari kama gari, maana yapo majedwali ya wapenzi wa Jeep yanayolinganisha nambari na mwezi wa kutoka kiwandani. Jeep ya Ford ilitoka kiwandani injini yake ikiwa na nambari ileile ya chasi, ndiyo sababu tunajua kwa yakini kwamba injini yenu ya MB iliingia baadaye.

Chasi ya Willys yenyewe ilikuwa na kibati kidogo kilichopigwa ribiti ndani ya mhimili wa kushoto, nyuma tu ya bampa. Ukikiona, au ukiona matundu yake tu, nifahamishe, maana itabadilisha nilichosema.

Na kibati cha dashibodi? Kipime kwa tahadhari. Vibati vipya vinauzwa ulimwengu mzima na ni rahisi kuvipachika. Cha asili kwenye Jeep kina nafasi ya tarehe ya kukabidhiwa jeshini, iliyogongwa kwa mkono wa kiwandani. Tazama kama tarehe ipo, kama inakubaliana na 1943 ya injini, na kama chini ya kibati rangi ni tofauti na ya pembeni. Kikiwa kimekaa hapo tangu mwanzo, rangi ya chini yake ndiyo safi kuliko zote kwenye gari.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, kusoma rangi. Chagua mahali ambapo jua na mikono havijafika sana: ubavu wa boneti, nyuma ya taa, ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, chini ya kishikio cha tairi la akiba. Chukua msasa wa maji namba 600, maji yenye sabuni kidogo, usugue kwa duara dogo ukianzia katikati ukipanuka polepole, bila kukandamiza. Tabaka zitajitokeza moja nje ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa, ya chuma katikati na ya juu kabisa pembeni. Kila tabaka ni mwenye gari mmoja au kipindi kimoja. Kwenye gari kama lenu natarajia juu kabisa rangi ya shamba, chini yake labda kijani kilichokoza cha Waingereza baada ya vita, halafu pengine kahawia au kijani cha wakati wa vita, na mwisho kijani cha mzeituni kisichong'aa cha Marekani, juu ya praima. Kama rangi ya mchanga ya jangwani haimo popote, basi gari halikuwahi kuivaa, na kaka asilivishe.

Kwenye boneti nenda pole zaidi, kwa sababu pande zake mbili ndipo nambari ya jeshi ilipoandikwa. Kabla hujasugua, ngoja usiku, zima taa za gereji, shika tochi sambamba na bati. Maandishi ya brashi huacha mgongo hata yakipakwa mara tatu juu, na mwanga wa kulala huutoa kivuli. Ukiona tarakimu zinazoanza na 20, hiyo ni nambari ya Kimarekani ya kundi la Jeep. Ukiona herufi M ikifuatwa na tarakimu, gari lilihesabiwa na jeshi la Uingereza kama gari dogo; malori yao yalikuwa na L, pikipiki C. Ukiona tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, basi gari lilikuwa bado jeshini mwaka 1949 au baadaye, kwa sababu mtindo huo ulianza hapo, na hadithi ya mnada wa mara tu baada ya vita itabidi isogezwe mbele. Herufi U mbele ya tarakimu ilikuwa ya Afrika Kusini.

Kwenye bampa na nyuma kulikuwa na viraba vya alama. Kimoja cha divisheni, kimoja cha aina ya kikosi. Kichwa cha kifaru ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943 na kupita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944. Mraba uliokatwa mshazari, nyekundu na kijani, ni wa usafirishaji, kazi ya babu yako. Nyekundu juu na buluu chini ni mizinga. Duara la manjano lenye nambari nyeusi ni la uzito wa daraja na halikwambii kikosi. Nyota nyeupe nayo inawapoteza wengi: watu hudhani ikiwepo basi gari lilikuwa la Wamarekani, kumbe kufikia 1944 ilikuwa alama ya kutambuana kwa Washirika wote. Jeep ya Waingereza inaweza kuwa nayo kihalali. Ila aichore aliyeikuta chini ya rangi.

Tahadhari moja: alama iliyo kwenye boneti inathibitisha boneti. Kama bampa inasema kitu kingine, usilazimishe vikubaliane. Andika vyote viwili.

Sasa karatasi. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Watu hudhani kwamba kuna daftari mahali ambapo ukitaja nambari ya chasi utaambiwa gari lilikuwa na nani tarehe fulani. Kwa Jeep daftari la namna hiyo halipo. Jeshi lilihesabu magari kwa maelfu na kwa mikataba, halikuyaandikia wasifu moja moja. Shajara za vita za vikosi, zilizoandikwa na maofisa siku kwa siku, zipo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, London: mafungu ya WO 169 yana vikosi vya Mashariki ya Kati pamoja na vya Afrika Mashariki, WO 172 yana vya upande wa Burma, na WO 276 ni ya Kamandi ya Afrika Mashariki yenyewe. Humo utakuta kikosi kililala wapi, kilipoteza magari mangapi, mvua ilinyesha lini. Nambari ya gari moja ni bahati kubwa kuikuta. Kwa hiyo usilipie nakala yoyote mpaka nyota ya babu na rangi ya gari vikupe jina la kikosi. Ukiwa na kikosi, shajara inakuwa hazina: utajua babu alikuwa wapi mwezi kwa mwezi, hata kama jina lake halijatajwa.

Nyumbani anza na logibuku. Ya zamani, ile ya karatasi ngumu, huandika tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, nambari ya chasi na ya injini, na wenye gari waliotangulia. Kama logibuku ya kwanza ina nambari ya injini hiyohiyo ya MB, basi mchanganyiko wa Ford na Willys ulifanyika kabla babu hajanunua, yaani jeshini au karibu na hapo, na kaka yako atakuwa amejibiwa. Kama ina nambari nyingine, injini ilibadilishwa shambani. Sanduku la mzee likipekuliwa, tafuta pia cheti chake cha kuachishwa jeshi, maana hapo pana nambari yake na kikosi. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina mafaili ya wilaya ya miaka ile, pamoja na ripoti za kila mwaka, na faili la wilaya aliyotoka babu linafaa kusomwa kwa kipindi cha askari kurudi.

Juu ya mnada, nikupe jambo ambalo wengi Mombasa hawalikumbuki. Kuanzia 1947, Waingereza wakiondoka India na Palestina, walianza kujenga ghala kubwa la jeshi Mackinnon Road, pale penye msikiti wa kando ya reli ambao wasafiri husimama kuomba dua. Zana zilishushwa Kilindini zikapelekwa huko kwa treni. Mradi ukaachwa baada ya miaka michache. Kutoka Mackinnon Road hadi Voi, na Voi hadi Mwatate, si mbali. Kwa hiyo ziko njia tatu za busara za Jeep ya 1943 kufika shamba la mkonge. Moja, ilikaa chini ya Kamandi ya Afrika Mashariki tangu vita na ikauzwa. Mbili, ililetwa baada ya vita na zana za ghala lile. Tatu, ilibaki jeshini hadi miaka ya hali ya hatari ya Mau Mau, kuanzia 1952, ikauzwa baadaye. Njia ambayo naiona dhaifu ni ya Burma na kurudi. Meli za kurudi zilibeba watu, na sioni sababu ya jeshi kusafirisha Jeep iliyochakazwa na matope ya Kabaw ilhali ziko nyingine hapa. Kama nyota ya shangazi ni ya Burma, basi babu alikwenda Burma. Gari hili lilimsubiri Kenya, au halikuwa limemjua bado.

Katika njia hizo tatu, tabaka za rangi zitakuchagulia. Ndiyo sababu nang'ang'ania rangi.

Sasa mtengeneze vipi? Kaka yako ana hoja yake, na si mbaya. Anataka gari lisimame mbele ya watu likiwa zuri, na chumvi ya Mombasa haimngojei mtu. Bati likiachwa wazi litaliwa. Mnaweza kurudisha gari lote kwenye rangi ya jeshi mtakayoithibitisha, kwa nambari mtakayoikuta kwenye boneti. Mnaweza kulihifadhi kama lilivyo, na rangi ya shamba na mikwaruzo yake, mkitibu kutu tu. Mimi ningechukua ya katikati: chasi, sakafu na chini ya gari visafishwe na kupakwa vizuri, kwa sababu hapo ndipo kutu huua, bodi irudishwe kwenye tabaka la mwisho la jeshi, na ubavuni mwa boneti na ndani ya sanduku la vifaa mwache madirisha ya ukubwa wa kiganja yenye tabaka zote, yakifunikwa kwa vanishi isiyo na rangi. Injini ya Willys ibaki. Msianze kutafuta injini ya Ford ng'ambo kwa bei ya kiwanja ili gari liwe "safi".

Mchanga wa mashine, ukibidi, uwe kwenye chasi peke yake, baada ya kila nambari kupigwa picha na kufunikwa kwa bati na tepu nzito. Bati jembamba la bodi hupinda kwa kupigwa na mchanga, na pale kwenye mhimili wa kushoto mchanga unaweza kuzila tarakimu zisisomeke tena.

Yako mambo manne ambayo barua haitoshi, lazima mtu awepo. La kwanza ni la sheria. Ikiwa nambari ya chasi mtakayoikuta si ile ya logibuku, asiguse mtu. Msigonge nambari mpya, msisawazishe, hata fundi akisema ni jambo dogo. Nendeni NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani, na karatasi zenu na picha, mweleze, wakague. Gari lenye nambari iliyochezewa linaweza kuzuiliwa, na hamtaweza kulithibitisha tena. La pili ni afya. Rangi za zamani zina madini ya risasi, na breki na gasketi za miaka ile zina asbesto. Msasa uwe wa maji, breki zisipulizwe kwa upepo wa kompresa, mafundi wavae barakoa za kweli zenye vichujio, na watoto wasicheze gereji siku hizo. Aliyefanya kazi hiyo bila kinga na anakohoa, aende hospitali akaseme alichokuwa akisugua. La tatu, mkifungua sanduku la vifaa au chini ya viti mkakuta risasi, ganda zito au kitu cha chuma msichokijua, msikitikise wala kukitia mfukoni. Tokeni, iteni polisi. La nne ni la nguvu za chasi: kama mhimili umeoza hadi unatoboka kwa bisibisi, mleteni mchomeleaji mwenye uzoefu wa chasi aone ana kwa ana kabla gari halijapanda barabara ya Makupa na malori ya bandarini.

Na kibao? Kiwepo, ila kiandikwe mlichokithibitisha. Kwa ulichoniambia hadi leo, kingesomeka hivi: "Jeep ya jeshi ya Vita vya Pili. Injini ya Willys ya 1943. Iliendeshwa na kutunzwa na babu yetu, dereva wa Keya." Nambari ya juu ya mhimili na jina la nyota ya shangazi zikishapatikana, niandikie tena pamoja na picha tatu za dirisha la rangi kwenye boneti, zilizopigwa mchana kivulini, rula ikiwa kando, nami nitakusaidia kuongeza mstari wa pili.